Pikipiki Iliyokataa Kuwa Nyepesi

Mkono wa mizani ulipanda juu, ukagonga chuma cha mwisho, ukakwama huko huko.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na najua mlinitukana. Mzee mmoja alinikamata shati pale Kitai, basi la Songea likiwa limesimama kupakia, akaniambia, "Mwandishi wewe huna utu. Wiki nzima nalala na mizani ya kahawa kichwani." Pole, mzee wangu. Leo tunaishusha, ikikubali.

Na wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa karanga, sogea nikuambie kwa kifupi, halafu usiniulize tena. Eusebius Ndunguru wa Maguu alizama mto Luhekei mvua zilipoanza. Alikuwa anavuka na pikipiki yake ndani ya mtumbwi. Pikipiki nzito, mtumbwi ukalala ubavu, mvushaji Nazari akapiga kelele, "Achia! Achia hiyo!" Eusebius hakuachia. Pikipiki ilivutwa kwa kamba ikatoka. Mwenyewe hajatoka mpaka leo. Ukoo ukazika mgomba badala ya mwili, ukarudi nyumbani kulia.

Amemwacha mkewe, Verediana, na mimba. Shangazi Notburga, mkunga wa Maguu nzima, amempapasa tumbo akasema mtoto amekingama. Ni hospitali ya misheni kule ziwani, au ni makaburi mawili. Lori halipiti, daraja limechukuliwa na maji. Machela inataka wanaume wenye mabega, na wenye mabega wote wako Tanga wanakata mkonge. Kilichobaki ni pikipiki ya marehemu. Nazari amekubali kuivusha, mradi ipunguzwe uzito wa nusu gunia la kahawa. Vinginevyo, kasema, vukeni kwa kuogelea.

Ndiyo maana Kiliani, mdogo wake Eusebius, aliagiza vyuma vya alumini kutoka duka la spea Songea. Fundi Raimundi kavifunga. Na asubuhi hii wameipandisha pikipiki juu ya mizani ya ghala la kahawa. Kabla ya kuguswa ilikuwa na ratili mia tatu na hamsini. Haya, tumeelewana? Twende.

"Soma tena," Kiliani alisema.

"Nimesoma, nimerudia," akajibu Tadei, karani wa mizani. "Mia nne na ishirini."

"Imeongezeka?"

"Mimi sijasema imeongezeka. Mizani ndiyo inasema."

Wakulima waliopanga foleni na magunia yao wakarudi nyuma taratibu. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyecheka.

Raimundi alipandwa na hasira. Huyu alikuwa fundi wa mashine kule mkonge, na hajazoea kuambiwa kazi yake imeharibika. Akaligonga digadi la mbele kwa ukucha, likalia kama sufuria tupu.

"Mnasikia? Alumini! Madigadi alumini, usukani alumini, rimu alumini. Bomba la moshi nimekata, nimeweka jembamba. Keria nimeng'oa. Stendi nimeng'oa. Kiti cha nyuma kile cha chuma nimetoa, nimeweka cha turubai na springi mbili tu. Mpaka kisanduku cha spana nimetoa! Kitu hiki hata bibi yangu anasukuma."

"Basi isukume wewe, bibi tumwache apumzike," Tadei alimwambia.

Raimundi akatema mate viganjani, akashika usukani, akasukuma. Matairi yaligoma. Akasukuma kwa bega. Mishipa ya shingo ikamtoka. Pikipiki ikasogea inchi moja, ikarudi palepale.

"Mizani yako mbovu," alisema akihema.

Lo! Ukitaka kugombana na Tadei, mguse mizani yake. Bila kubishana aliamuru pikipiki ishushwe, wanaume wanne wakaishusha wakigugumia. Akaweka gunia la kahawa lililokwisha pimwa jana. Sawasawa. Akapanda mwenyewe juu ya mizani, na kofia yake. Alikuwa na uzito wake ule ule anaojivunia kila siku.

"Iko wapi mbovu?" aliuliza. "Nionyesheni."

Kiliani aligeukia mlango. Kutoka nyumba ya pili alikuwa anamsikia Verediana akiguna. Uchungu umeanza alfajiri, unakuja na kuondoka. Kila ukija, Kiliani anafumba macho. Alikwisha mzika kaka bila mwili. Sasa amzike shemeji na mtoto akiwa tumboni? Hapana. Mungu, hapana.

"Mchanga," Raimundi alisema ghafla. "Wajinga sisi! Pikipiki ilikaa mtoni. Mchanga umejaa ndani ya fremu."

Kiliani karibu amkumbatie. Bila shaka! Mchanga, ndiyo! Chuma cha fremu kina uwazi ndani, maji yaliingiza mchanga humo, na sisi tunahangaika na mashetani. Raimundi akalala chali chini ya fremu, akafungua bolti ya chini kabisa kwa spana.

Mchanga haukutoka.

Yalitoka maji. Kidogo kidogo kwanza, halafu kwa nguvu, yakimrukia usoni. Maji ya baridi yenye tope jekundu na harufu ya matete. Raimundi alijiviringisha pembeni akikohoa.

"Nilishaifungua hii!" alipiga kelele. "Kiliani, si tuliifungua pamoja? Tukaiwekea moto, tukaikausha!"

"Tuliikausha," Kiliani alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Maji yaliendelea. Yalijaza karai, yakajaza debe, yakaanza kutengeneza mfereji kuelekea mlangoni kwenye kahawa ya watu. Fremu ile ukiijaza inashika maji ya birika moja tu. Tadei akaruka kuokoa magunia. Na maji yalipokatika, yalikatika mara moja, kama mtu kafunga bomba.

Wakaipandisha tena pikipiki. Mia nne na ishirini.

Hapo ndipo Kiliani alipokiona kiti cha nyuma. Turubai jipya, halijawahi kukaliwa na mtu. Lilikuwa limebonyea. Springi zote mbili zimelala chini. Akanyoosha mkono juu ya kiti kile, akaurudisha haraka. Palikuwa na ubaridi wa mtoni.

"Kaka," alinong'ona. "Kaka, ni wewe?"

Msinicheke. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Kabla hajajibiwa, na nashukuru hakujibiwa, mlango wa ghala ulipigwa teke. Shangazi Notburga aliingia. Mama huyu ni mfupi, mnene, na sauti yake inasikika mpaka bondeni. Bega lake limelala upande mmoja kwa kitu alichokuwa anakiburuta. Akakitupa sakafuni. Kilikuwa jembe.

"Jembe hili kalitengeneza nani?"

"Shikamoo, Shangazi," Kiliani alisema.

"Marahaba. Nimeuliza, jembe hili kalitengeneza nani?"

Raimundi akajifuta tope usoni. "Mimi, mama. Zuri, eh? Chuma cha Uingereza hicho."

"Zuri? Nimelima mashimo ya ngolo tangu sijavunja ungo, sijawahi kuona jembe linaloshika udongo likakataa kutoka! Tumelivuta watatu. Scolastika naye analo la namna hii, limemkatalia shambani, kaliacha limesimama peke yake kwenye shimo. Nao akina Pankras, vivyo hivyo. Chuma hiki umekitoa wapi?"

Raimundi alilitazama jembe. "Ni… ni vile vyuma vya zamani. Keria. Stendi. Kiti cha nyuma. Nikaona vitalala bure, nikavifua majembe, nikagawia majirani. Sikumtoza mtu hata senti."

"Vyuma vya pikipiki ya Eusebius?"

"Ndiyo, mama."

Notburga alikaa chini juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia habari zake, mama huyu alinyamaza. Nilidhani ugonjwa.

"Kiliani," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Matanga ya kaka yako tumemaliza?"

"Bado, Shangazi."

"Kwa nini bado?"

"Kwa sababu Verediana hajajifungua."

"Na mwenye mimba akifiwa, mali ya marehemu inaguswa lini?"

Jambo lenyewe Kiliani analijua tangu utotoni. Kila mtu Maguu analijua. Mirathi haigawanywi mpaka mtoto atoke tumboni, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kupewa. Hata jiwe la kusagia halihamishwi. Hata kuku.

"Lakini Shangazi, nilikuwa namwokoa yeye huyo huyo!"

"Najua. Nia yako safi. Ila umeichukua mali ya mwanao hujamwomba, mkaing'oa viungo, mkavigawa kijiji kizima. Baba yake afanye nini? Amekuja kukalia kilichobaki."

Tadei, ambaye amesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane na haamini mambo haya siku za kawaida, alivua kofia.

"Sasa tufanyeje?" Kiliani aliuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nirudishe vyuma vya zamani? Nazari hatatuvusha! Nivirudishe vipi, vimekuwa majembe!"

"Wewe Raimundi," Notburga aliamka, sauti yake imerudi kazini, "pita kila nyumba, kusanya majembe yote, lete uani kwa Verediana. Ni ya mtoto. Ukiacha hata moja nitakutafuta. Na wewe Kiliani, ukitaka kuazima kitu cha mtu unafanyaje?"

"Naomba."

"Basi kaombe."

Hakuwa na haja ya kwenda. Verediana alikuwa amekwisha kuja, ameshikilia mwimo wa mlango, kanga imelowa jasho. Ni mwanamke mrefu, na tangu mumewe azame anaongea kidogo sana. Alikuwa amesikia yote.

"Njoo, shemeji," alisema. "Haraka. Uchungu unarudi sasa hivi."

Kiliani Ndunguru, mwanamume mzima, alipiga magoti kwenye sakafu ya ghala lililolowa, mbele ya foleni ya wakulima, mbele ya tumbo la shemeji yake. Hakujua aanzie wapi. Wewe umewahi kumwomba kitu mtu ambaye hajazaliwa?

"Mwanangu," alianza. "Mimi ni baba yako mdogo. Hunijui. Nimekosa. Nimegusa pikipiki yako bila kukuomba. Nilitaka ikupeleke hospitali, wewe na mama yako, basi. Sikutaka kuifanya yangu. Nakuomba uniazime. Tukifika, ni yako. Ukikua utaiendesha, na mimi nitakaa nyuma. Nakuomba sana, baba."

Mvua nyepesi iligonga bati.

Verediana akashika ubavu. "Amepiga teke."

"La kukubali au la kukataa?" Raimundi aliuliza kutoka mlangoni.

"Wewe bado uko hapa?" Notburga alimfokea, na fundi akatoka mbio. Kisha Notburga akamgeukia karani. "Tuulizie mizani yako, bwana."

Tadei aliigusa ile mizani kwa ncha ya kidole. Mkono wa chuma uliokuwa umekwama juu ukatetemeka, ukateremka, ukateremka, ukatulia. Karani aliinama, akasoma, akasoma tena. Alipogeuka sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Mia mbili na themanini."

Ghala zima lilipiga vigelegele. Kiliani aliishika pikipiki peke yake akaishusha kwa mkono mmoja. Nusu gunia imetoka, na zaidi! Notburga alimfunga Verediana kanga mbili kiunoni, akamkalisha nyuma, akamshika Kiliani sikio.

"Usiende kasi kama kaka yako. Na maumivu yakimshika, simama. Mimi nafuata kwa miguu."

"Shangazi, ni mbali."

"Nimesema nafuata."

Wakaondoka. Na jamani, pikipiki ilienda! Ilipanda kilima cha kwanza bila kunguruma sana, ikashuka mteremko kwa utulivu, ikikwepa mashimo na mawe. Mashamba ya ngolo yalipita kushoto na kulia, na mibuni ikametameta kwa mvua. Kiliani alianza kucheka peke yake. Uzito umeondoka, kaka ameelewa, njia nyeupe. Chini kabisa, mawingu yalipopasuka, ziwa Nyasa likaonekana.

"Shemeji, unaliona ziwa?"

"Naliona."

"Tunafika! Nakwambia tunafika!"

Walipopita kona ya pili, Verediana alisema kwa upole, "Kiliani, sogea mbele kidogo."

"Kwa nini? Nimekubana?"

"Si wewe. Huku nyuma tumebanana."

Kiliani aliacha kucheka. Hakugeuka. Alisogea mbele mpaka karibu akae juu ya tangi, mikono imekaza usukani, akaanza Salamu Maria kwa sauti. Alipofika katikati alisahau maneno, akarudia mwanzo.

"Usiogope," Verediana alisema. "Ananishikilia nisianguke. Ila mikono yake ni ya baridi sana. Kiliani, mwambie ni ya baridi."

Kiliani aliendesha tu.

Jua lilikuwa limepita utosini walipofika Luhekei. Mto ulikuwa mpana, mwekundu, unakokota magogo. Mzee Nazari alikuwa amekaa kwenye ukingo akila muhogo wa kuchoma. Ni mtu wa ziwani, Mwanglikana, mkavu, na anapenda kuwatania Wakatoliki wa milimani. Siku hiyo hakutania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama Verediana, akatupa muhogo. "Huyu mama hana muda. Leta hiyo pikipiki."

Nazari hana mizani. Anapima kwa kiganja. Kila mzigo ukiingia mtumbwini anaweka mkono ubavuni, kati ya maji na ukingo wa mtumbwi, na kiganja kizima lazima kienee. Vidole vikianza kulowa, safari hakuna. Tangu Eusebius azame, hajavunja sheria hiyo hata kwa padri.

Walilaza pikipiki ndani ya mtumbwi. Akapima. Kiganja kikaenea, na nafasi ikabaki.

"Kazi nzuri," alisema. "Mwambie fundi wako nimemsifu."

Kiliani akaingia. Kiganja. Verediana akaingia, akakaa mbele ameegemea pikipiki. Nazari aliweka mkono wake kwa muda mrefu. Kiganja, sawasawa kabisa.

"Haya. Kwa jina la Baba." Akausukuma mtumbwi.

Walikwenda vizuri hadi karibu na kati ya mto. Nazari anapiga kasia, Kiliani anachungulia ng'ambo na kuhesabu miti moyoni. Halafu mzee aliacha kupiga, akaweka mkono ubavuni.

"Vidole vinne," alisema.

"Nini?"

"Nyamaza." Akangoja. "Vitatu." Uso wake ulikuwa umegeuka jivu. "Kiliani, nani amepanda?"

"Hakuna aliyepanda, mzee! Tuko sisi!"

"Mimi nimevusha watu tangu baba yako hajaoa. Najua mtu akipanda mtumbwini kwangu. Nani amepanda? Viwili!"

Maji yakapiga ukingo, yakaingia kidogo, yakalowesha miguu ya Verediana. Hapo hofu ilimshika Kiliani ikamtoa akili yote. Akairukia pikipiki. Kama ni kitu hiki, kiende! Akashika usukani mpya kwa mikono miwili, akaivuta kuelekea majini. Mtumbwi ukalala ubavu.

"Achia!" Nazari alipiga kelele. "Achia hiyo!"

Maneno yale yale, mtu yule yule, maji yale yale. Kiliani alisikia kila kitu kwa mbali. Mikono yake ilikuwa imekaza na haikutaka kufunguka, akaelewa kwa nini kaka yake hakuachia. Si ukaidi. Vidole vyenyewe vinakataa.

"Shemeji," Verediana alisema. Hakupiga kelele. "Ni ya mtoto. Iache."

Akaachia. Kidole kimoja, kingine, vyote. Pikipiki ikarudi chini kwa kishindo, mtumbwi ukainuka, ukatulia. Kiliani alianguka kwenye maji ya ndani akilia waziwazi, na mimi simlaumu.

Na hapo Verediana akatoa ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa kuzaa. Alishika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Kiliani! Kuna mkono!"

"Mkono wapi?"

"Tumboni! Ubavuni, baridi, unasukuma. Unamsukuma mtoto. Yesu wangu, unamgeuza… unamgeuza…" Akakata pumzi. Tumbo lake, Kiliani aliliona kwa macho yake chini ya kanga, lilisogea lote, zima, kutoka ubavu hadi chini, taratibu, kama vile Shangazi Notburga alivyokuwa akijaribu mwezi mzima na kushindwa.

Verediana akaachia pumzi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Amegeuka," alisema. "Kichwa chini. Shemeji, mwanangu amegeuka."

"Mzee, piga kasia!" Kiliani aliruka. "Piga, twende ng'ambo!"

Nazari hakupiga. Kasia lilikuwa limelala magotini mwake, linadondosha maji. Alikuwa anatazama matete ya ukingoni, nayo yalikuwa yanapita, lakini yanapita upande usiofaa.

"Sipigi mimi," alisema polepole. "Tazama. Sipigi, na tunakwenda."

Mtumbwi ulikuwa unapanda mto. Unakwenda kinyume na maji, bila kuyumba, kuelekea kwenye kona yenye kina, pale ambapo hata samaki wake watu wa Luhekei hawawavui tangu Eusebius azame. Uchungu ukamkamata Verediana tena, safari hii wa kweli, na haukuwa na mpango wa kuondoka.

"Anatupeleka wapi?" Kiliani alinong'ona.

"Kwake," Verediana alisema. "Anataka kumwona mwanawe."

Kisha mwanamke yule, ambaye tangu afiwe hajampandishia mtu sauti, alijivuta mpaka ukingo wa mtumbwi akainama juu ya maji mekundu.

"Eusebius!" alisema. "Umemgeuza, asante. Utamwona. Lakini humchukui, unanisikia? Pikipiki chukua. Mimi kama unanitaka, tutaongea. Huyu humchukui!"

Mtumbwi ukasimama. Palepale, penye maji ya kasi kuliko yote, ukasimama kimya, bila kamba wala mti wa kushikilia. Nazari alianza kusali kwa Kinyasa. Kiliani akavua shati lake akalitandaza, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutandaza.

Na mtoto akaanza kutoka.